Sir Samuel Morland (1625–1695): Jasusi Aliyetia Hesabu Mfukoni

Wanapotajwa waasisi wa kikokotoo, majina mawili hayakosi kusikika: Blaise Pascal wa Ufaransa, aliyeanza kuunda mashine yake ya kujumlisha mwaka 1642, na Gottfried Wilhelm Leibniz wa Ujerumani, aliyeonyesha yake mjini London mwaka 1673. Baina ya magwiji hao yupo Mwingereza ambaye aghalabu hupewa mstari mmoja tu, tena wa kejeli. Huyu ni Sir Samuel Morland. Mashine ya Pascal ilikuwa sanduku la kuwekwa mezani, na ya Leibniz nayo haikuwa ya kubebwa mfukoni. Morland ndiye aliyebuni, mwaka 1666, chombo cha kujumlishia kilichoweza kutiwa mfukoni mwa koti na kutumiwa kikiwa kiganjani.

Kwa nini basi asikumbukwe? Sehemu ya jibu imo katika chombo chenyewe, ambacho kilikuwa na upungufu ulioonekana na kila aliyekijaribu. Sehemu kubwa zaidi imo katika maisha ya mwenyewe. Morland aliwahi kuwatumikia mabwana wawili waliokuwa wakiwindana, na tangu hapo hapakuwa na aliyemwamini kikamilifu, wakiwemo wale aliowaokoa.

Alizaliwa mwaka 1625 katika kijiji cha Sulhamstead Bannister, jimbo la Berkshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Thomas Morland, alikuwa kasisi wa parokia hiyo. Mwaka 1638 kijana Samuel alipelekwa katika shule ya Winchester, na mnamo 1644 akaingia Chuo cha Magdalene, Cambridge, akiwa miongoni mwa wanafunzi wasiojiweza waliopunguziwa gharama. Nchi ilikuwa vitani wakati huo. Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walikuwa wameshikana mashati tangu 1642, na mgogoro wao haukukoma hadi mfalme alipokatwa kichwa Januari 1649. Mwaka uo huo Morland aliteuliwa kuwa mwanachuoni wa kudumu wa Magdalene. Kwa maneno mengine, alipata riziki yake ya kwanza chini ya utawala uliomuua mfalme, jambo ambalo halikuwa siri kwa yeyote alipokuja kumpigia magoti mwana wa mfalme huyo.

Miongoni mwa wanafunzi aliowalea chuoni alikuwamo Samuel Pepys, ambaye baadaye alipanda cheo katika utawala wa jeshi la wanamaji na kuweka shajara iliyompatia umaarufu mkubwa kuliko cheo chake. Mengi yanayojulikana kumhusu Morland yanatokana na kalamu ya mwanafunzi huyu, wala kalamu hiyo haikumhurumia.

Mwaka 1653 Morland aliacha vitabu akajiunga na msafara wa balozi Bulstrode Whitelocke aliyetumwa na serikali ya Oliver Cromwell kwa Malkia Christina wa Uswidi. Safari hiyo ina uzito wake katika habari hii. Christina alipenda sana wasomi na vyombo vya kisayansi, na mnamo 1652 Pascal alikuwa amemtumia mojawapo ya mashine zake za kujumlisha pamoja na barua ya kumsifu. Miaka 13 baada ya kukanyaga ardhi ya malkia huyo, Morland alikuwa na chombo chake mwenyewe mkononi.

Kabla ya hapo, hata hivyo, ilimbidi apitie kazi ngumu zaidi. Mnamo Aprili 1655 majeshi ya Duke wa Savoy yaliwashambulia Wawaldo, Waprotestanti waliokuwa wakiishi katika mabonde ya milima ya Piedmont, wakawachinja wake kwa waume, wazee kwa watoto. Habari hizo zilitikisa Ulaya ya Kiprotestanti. John Milton, mshairi kipofu aliyekuwa akiiandikia serikali barua za Kilatini, alitunga soneti ya kuwalilia. Cromwell alimchagua Morland, kijana wa miaka 30, apeleke malalamiko ya Uingereza mbele ya Duke. Morland alifika Rivoli karibu na Turin mwezi wa Juni, akasimama mbele ya Duke na mama yake, akatoa hotuba kali ya Kilatini iliyoeleza unyama uliotendwa. Ilihitaji moyo kusema vile katika jumba la mwenye majeshi. Kisha alihamia Geneva, akakaa huko hadi mwishoni mwa 1656 akisimamia ugawaji wa misaada. Waingereza walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 38,000, na fedha hizo zilipaswa kuhesabiwa, kubadilishwa na kuandikiwa taarifa. Aliporudi aliandika kitabu kikubwa kuhusu historia ya makanisa ya mabonde hayo, kilichochapishwa mwaka 1658, na hati za kale alizokusanya akazikabidhi Chuo Kikuu cha Cambridge. Wanaomdharau Morland kama mpenda fedha na vyeo wangefaa wausome ukurasa huu wa maisha yake kabla hawajaufikia ule unaofuata.

Baada ya kurejea alifanya kazi katika ofisi ya John Thurloe, katibu wa Cromwell na mkuu wa ujasusi. Ofisi hiyo ilikuwa tumbo la serikali. Barua za watu zilifunguliwa usiku, zikanakiliwa, lakiri ikarudishwa kana kwamba hapana mkono uliozigusa. Morland aliyajua yote hayo na kuyafanya. Ndipo alipofikwa na usiku uliobadilisha maisha yake. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea baadaye, Cromwell alikuja ofisini kuzungumza na Thurloe kuhusu njama iliyomhusisha Sir Richard Willis, mfuasi wa mfalme aliyekuwa amenunuliwa kisiri. Charles, mwana wa mfalme aliyeuawa, na ndugu zake walikuwa uhamishoni. Njama ilikuwa kuwahadaa wavuke bahari hadi pwani ya Sussex kwa ahadi ya maasi, kisha wauawe papo hapo. Katikati ya mazungumzo Cromwell alimwona Morland amelaza kichwa juu ya meza yake. Akachomoa kisu. Thurloe akamsihi, akamwambia kijana huyo amekesha siku mbili na bila shaka amelala fofofo. Morland hakuwa amelala.

Hapa ndipo wanahistoria wanapogawanyika. Wapo wanaomwona kama mtu ambaye dhamiri yake ilikataa mauaji ya hila. Wapo wanaosema alinusa tu upepo unakovuma. Cromwell alifariki Septemba 1658, mwanawe Richard akashindwa kuishika nchi, na kufikia 1659 Morland alikuwa akimpelekea Charles siri za ofisi ya Thurloe, likiwamo jina la msaliti Willis. Yamkini sababu zote mbili zilikaa katika kifua kimoja. Lililo dhahiri ni kwamba angegunduliwa asingepewa muda wa kujieleza.

Mnamo Mei 1660, Charles alipokuwa Breda nchini Uholanzi akijiandaa kurudi kutawala, Morland alimwendea. Mfalme alimpa cheo cha sir na kutangaza hadharani sababu yake: kwamba alikuwa amempa habari za siri wakati wote akiwa karani wa Thurloe. Pepys alikuwa katika msafara wa meli zilizokwenda kumleta mfalme, na alilinukuu jambo hilo shajarani. Tangazo lile lilikuwa heshima na adhabu kwa pamoja. Tangu siku hiyo kila mtu mjini London alijua Morland ni nani. Waliokuwa upande wa Cromwell walimwita msaliti. Waliokuwa upande wa mfalme walijiuliza ni lini atawasaliti wao. Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa mtu wa namna hii, nalo ni ndumakuwili. Julai 1660 aliongezewa cheo cha baroneti, na akapewa pensheni ya pauni 500 kwa mwaka kutokana na mapato ya posta. Vyeo havikuwa na mshahara, na pensheni ile hakukaa nayo muda mrefu, aliiuza. Mfalme alikuwa na wadai wengi wa fadhila na hazina yake haikuwa na kitu.

Ni katika hali hiyo ambapo Morland aligeukia uvumbuzi. Kila chombo alichounda kuanzia sasa kilikuwa pia ombi la kazi. Alimtengenezea mfalme mitambo ya kufungua barua na kuzinakili upesi, na mnamo 1664 mfalme mwenyewe alikwenda posta usiku akakaa muda wa saa tatu akiitazama ikifanya kazi. Mitambo ile iliteketea katika moto mkuu wa London wa Septemba 1666. Mwaka huo huo wa moto ndio wa chombo cha kujumlishia.

Chombo chenyewe kilikuwa bamba la shaba ya manjano, lenye urefu wa takriban sentimita 12, upana wa sentimita 7 na unene usiotimia sentimita moja. Kwa umbo hakikutofautiana sana na simu za mkononi za siku hizi. Juu ya uso wake palikuwa na visahani vinane vikubwa vilivyozunguka. Vitano vilikuwa vya pauni, kuanzia mamoja hadi makumi elfu, kila kimoja kikiwa kimegawanywa sehemu 10. Vitatu vilivyosalia vilikuwa vya shilingi, peni na robo peni, vikiwa na sehemu 20, 12 na 4 kwa mfuatano huo. Mtumiaji alichomeka kijiti cha chuma katika tundu la kisahani, akakizungusha kiasi cha tarakimu aliyotaka, na jumla ikajitokeza katika kidirisha. Juu ya kila kisahani kikubwa palikuwa na kidogo, ambacho kilisogea hatua moja kila kikubwa kilipomaliza mzunguko mzima.

Msomaji wa Kenya hatapata taabu kuielewa shida ambayo chombo hiki kilikusudiwa kuitatua. Shilingi ya Afrika Mashariki, ilipoanzishwa mwaka 1921, ilihesabiwa 20 kwa pauni moja ya Uingereza, na kwa miaka mingi baada ya uhuru hesabu za Serikali ya Kenya ziliendelea kuandikwa kwa pauni ya shilingi 20 ijapokuwa hapakuwa na noti ya pauni sokoni. Walakini Waafrika Mashariki walibahatika: shilingi yao iligawanywa senti 100. Mwingereza wa karne ya 17 alikuwa na robo peni nne katika peni moja, peni 12 katika shilingi moja, shilingi 20 katika pauni moja, na kuanzia hapo makumi kwa makumi. Alipojumlisha safu moja ya hesabu za duka alilazimika kutumia kanuni nne tofauti. Wafanyabiashara wengi hawakujua kuandika hesabu kwa kalamu. Hata Pepys, msomi wa Cambridge na afisa wa serikali, alianza kujifunza jedwali la kuzidisha mwaka 1662 akiwa na umri wa miaka 29.

Tuseme mwenye duka anataka kujumlisha pauni 7, shilingi 15 na peni 9 pamoja na pauni 4, shilingi 12 na peni 8. Angezungusha kisahani cha peni hatua 9, kisha 8. Kisahani kingepita 12 mara moja, kidirisha kikaonyesha 5, na kisahani kidogo cha juu kikaonyesha 1. Katika shilingi angezungusha 15 kisha 12. Kidirisha kingesoma 7 na kile kidogo 1. Katika pauni angezungusha 7 kisha 4, akapata 1 kwenye kidirisha na 1 juu yake. Hapo ndipo kazi ya chombo ilipokomea. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyepaswa kutazama visahani vidogo, kuichukua ile moja ya peni na kuiongeza kwenye shilingi, ile moja ya shilingi kwenye pauni, na ile moja ya pauni kwenye makumi. Akifanya hivyo bila kusahau, vidirisha vingempa pauni 12, shilingi 8 na peni 5, na hilo ndilo jibu.

Mashine ya Pascal ilikuwa imeushinda ugumu huo tangu 1645. Ndani yake mlikuwa na mkono wenye uzito, ulioinuliwa polepole na gurudumu lilipokuwa likizunguka na kuachiliwa ghafla lilipopita tisa, ukaanguka na kulisukuma gurudumu la jirani hatua moja. Ulikuwa ufundi wa ajabu, ila uligharimu nafasi, uzito na fedha. Isitoshe, magurudumu yake hayakuweza kurudi nyuma, hivyo kutoa kulifanywa kwa njia ya mzunguko, kwa kujumlisha kijalizo cha nambari. Morland aliuacha mkono ule kabisa. Kwa kuuacha alipata bamba jembamba la kutia mfukoni, na visahani vyake vikaweza kuzungushwa pande zote mbili: mbele kujumlisha, nyuma kutoa. Kwa mtu anayeshughulika na istilahi, kuna jambo la kuzingatia hapa. Ikiwa kukokotoa ni kulifikisha hesabu kwenye jibu lake, basi chombo cha Morland hakikuwa kikokotoo kamili. Kilikuwa kumbukumbu ya shaba. Akili ya kubeba moja kutoka safu hadi safu ilibaki kichwani mwa binadamu.

Je, huo ulikuwa ujinga au uamuzi? Wenzake waliona ni ujinga. Morland alikitangaza chombo chake katika gazeti la London Gazette mwaka 1668, na mwezi wa Machi mwaka huo Pepys alikiona, akaandika kuwa kilipendeza sana lakini hakikuwa na manufaa makubwa. Mwaka 1673 Morland alichapisha kitabu kidogo cha kueleza matumizi ya vyombo vyake viwili, hiki cha kujumlishia na kingine cha kuzidishia kilichofuata kanuni ya fito za John Napier, huku mtengenezaji saa Humphry Adamson akiviuza mjini London. Januari ya mwaka huo Robert Hooke, mwanasayansi mkubwa na mtu wa ulimi mchungu, alikitazama na kukihukumu kwa maneno mawili, kwamba ni cha kipumbavu mno. Katika mwezi uo huo Leibniz alikuwa London akionyesha mashine yake mbele ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi, nayo ilikusudiwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Leibniz alikutana na Morland katika ziara hiyo wakalinganisha kazi zao. Mlinganisho haukumfaa mwenyeji.

Hukumu ya Hooke ilikuwa ya haraka. Mashine ya Leibniz ilimsumbua mwenyewe kwa miongo mingi, na ubebaji wake wa tarakimu haukupata kuaminika kikamilifu. Chombo cha Morland kilifanya kidogo, lakini kidogo hicho kilifanyika kila mara, tena mkononi. Watu wa karne ya 19 na ya 20 waliorudi kwenye wazo la chombo chembamba cha kujumlishia mfukoni walikutana na tatizo lile lile la kubeba moja, na vingi vya vyombo vyao vya bei nafuu vilimwachia mtumiaji sehemu ya kazi kama Morland alivyofanya. Mwaka 1666 hapakuwa na soko la kitu kama hicho. Aliyejua kujumlisha kwa kalamu hakukihitaji, na asiyejua hakuweza kukinunua.

Morland hakukata tamaa, au pengine madeni hayakumruhusu. Mwaka 1671 alivumbua baragumu la kusemea, bomba refu lililotanuka mdomoni, akalijaribu mbele ya mfalme katika bustani ya St James. Liliwavutia wanamaji kwa kuwa sauti ilisafiri kutoka chombo kimoja hadi kingine. Padri Athanasius Kircher wa Roma alidai kuwa yeye ndiye aliyetangulia, na malumbano yao yakawa gumzo la wasomi. Kisha Morland alizamia katika maji. Aliunda pampu bora kuliko zilizokuwapo, na mwaka 1681 akayapandisha maji ya Mto Thames hadi juu ya kasri la Windsor huku mfalme akitazama. Mfalme alimtunuku wadhifa wa mkuu wa mitambo wa kifalme. Wadhifa ulikuwa mtukufu, malipo yakawa ya kusuasua.

Akaenda Ufaransa, ambako Louis wa 14 alikuwa akitafuta maji kwa chemchemi za Versailles. Morland alitumia fedha zake kwa majaribio, akarudi mikono mitupu; kazi kubwa ya Marly ilitekelezwa na watu wengine. Hata hivyo, katika hati aliyomwandalia mfalme huyo mnamo 1682 kuhusu nguvu za moto, aliandika kwamba maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi kama mara 2,000 ya ile ya mwanzo. Kipimo kinachokubalika leo ni karibu mara 1,700. Kwa enzi ambayo injini ya mvuke haikuwa imezaliwa, makadirio hayo ni ya kustaajabisha, na ndiyo yanayoonyesha kwamba mtu huyu hakuwa mchezaji wa vinyago vya shaba tu.

Nyumbani mwake mlikuwa na misiba. Mke wake wa kwanza, Mfaransa Susanne de Milleville, alifariki mwaka 1668. Wa pili, Carola Harsnett, alifariki 1674 akiwa na miaka 23, na wa tatu, Anne Fielding, alifariki 1680 akiwa na 19. Morland aliwajengea hao wawili wa mwisho kumbukumbu za mawe ndani ya Westminster Abbey, na juu yake akaamuru pachongwe maandishi ya Kiebrania, Kigiriki, Kiingereza na hata Ge'ez, lugha ya kale ya Uhabeshi. Ni nadra kukutana na lugha ya pembe hii ya Afrika katika ukuta wa kanisa lile. Mjane huyu alitaka huzuni yake isomwe na wachache, au alitaka elimu yake isomwe na wengi; mawe hayasemi.

Mwaka 1687, akiwa amezama katika madeni, alidokezewa na mtu aliyemdhania rafiki kwamba kuna mwanamwali, Mary Ayliffe, mrithi wa mali ya pauni 20,000. Alimwoa upesi. Baada ya harusi aligundua kuwa bibi arusi alikuwa binti wa mwendesha gari la farasi na hana hata shilingi. Mtu aliyekuwa amesoma barua za siri za nusu ya Ulaya hakuwa amefanya uchunguzi hata wa siku mbili kumhusu mke wake. Alimwandikia Pepys, mwanafunzi wake wa zamani, kumweleza aibu yake, na ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kumwonea imani. Ndoa ilivunjwa na mahakama Julai 1688 kwa sababu ya uzinzi wa mke. Mwishoni mwa mwaka huo James wa Pili, ndugu na mrithi wa Charles, alipinduliwa na kukimbia nchi, na pamoja naye yakatokomea matumaini ya Morland kulipwa alichokuwa akikidai.

Miaka yake ya mwisho aliishi Hammersmith, magharibi mwa London, akiwa kipofu. Mwandishi wa shajara John Evelyn alimtembelea Oktoba 1695 akamkuta bado anavumbua. Alimwonyesha uvumbuzi wake wa kuandikia, kalenda ya mbao ya kusomwa kwa kupapasa, na vifaa vingine. Kadhalika alimweleza kuwa alikuwa amefukia ardhini, kina cha futi sita, vitabu vya muziki vya thamani ya pauni 200, kwa kuwa vilikuwa nyimbo za mapenzi na upuuzi wa dunia. Sasa alipiga zaburi tu. Mzee aliyepungukiwa na fedha maisha yake yote alizika pauni 200 kwa hiari.

Karibu na nyumba yake palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa gharama zake. Mnamo Julai 1695 alisimamisha kibao cha jiwe kutangaza kwamba kila mtu, awe jirani, mgeni, mpita njia au ombaomba mwenye kiu, ana ruhusa ya kunywa humo bila malipo, na kuwatahadharisha watakaokuja baada yake wasije wakamnyima mtu maji hayo. Sir Samuel Morland alifariki tarehe 30 Desemba 1695 akazikwa katika kanisa la Hammersmith mwanzoni mwa Januari. Cheo cha baroneti kilimwendea mwanawe wa pekee, aliyeitwa pia Samuel, na kikakatika alipofariki mwaka 1716. Vyombo vichache vya hesabu vilivyosalia vimo katika majumba ya makumbusho, kimojawapo cha kujumlishia kikiwa Science Museum, London. Kingine, kilichoundwa na mafundi Henry Sutton na Samuel Knibb, kilimfikia Cosimo wa Tatu, Duke Mkuu wa Toscana, na bado kipo Florence.